Toa Upepo Kabla Gari Halijakwama: Mafunzo Niliyopata Barabara za Embu na Meru

Kijana akinunua gari lake la kwanza la kuvuta kwa magurudumu manne, huuliza mengi kuhusu injini, gia na taa. Kuhusu upepo wa matairi huuliza mara chache. Mimi nimeendesha magari ya dawa na chanjo kutoka Embu kushuka Mbeere, na kutoka Meru kushuka hadi kingo za mbuga, tangu wakati ambapo ukiiacha barabara kuu umeiacha lami. Baadaye nikawa nikipandisha wageni msituni kwa njia ya Chogoria. Nikiulizwa leo ni chombo gani kimenivusha mahali pagumu mara nyingi kuliko vyote, sitaji winchi wala jeki ndefu. Nataja geji ya kupimia presha na kijiti cha kubonyezea valvu, vitu viwili vinavyotoshea katika mfuko wa shati.

Wewe unataka kufika Ziwa Ellis, au kulala kando ya mto Rojewero ukisikia simba, au kupeleka mbegu Makima kabla mvua haijakupita. Utafika. Haya ndiyo ningependa uyajue kabla hujawasha gari.

1. Upepo hutolewa ukiwa bado umesimama pagumu

Laga iliyonifundisha, yaani mkondo wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua, iko upande wa chini wa Ishiara, kule ardhi ya Mbeere inakoteremkia Mto Tana. Nilikuwa utingo wa gari la chanjo, kazi yangu kuinua masanduku na kufungua mageti. Dereva alikuwa mzee wa Runyenjes, mtu wa maneno machache. Tulipofika ukingoni alizima injini, akachutama kwenye tairi la kwanza, akaanza kutoa upepo. Mimi niliona muda unapotea. Barafu ilikuwa inayeyuka ndani ya kisanduku, na chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kutoka ghalani hadi mikononi mwa muuguzi.

Nikamwambia, "Mzee, si tujaribu kwanza? Tukikwama ndipo tutoe."

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Tukikwama, kijana, gari litakuwa limelalia tumbo. Matairi hayatakuwa yamebeba kitu. Utatoa upepo wa nini?"

Tulivuka bila injini kuguta hata kidogo. Jioni, tukirudi na masanduku matupu, tulikuta pikapu ya mbuzi imezama mahali palepale tulipopita asubuhi. Dereva wake alikuwa amekanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu yakachimba, na sasa ekseli ilikuwa imekaa juu ya mchanga. Tulitoa upepo wa matairi yote manne na gari halikusogea hata unyayo mmoja. Ikabidi tushushe mbuzi, tuchimbe kwa sepetu, tukate matawi na kuyatandika. Giza lilitukuta bado tunachimba.

Tangu siku hiyo najua kwamba kutoa upepo ni uamuzi wa macho, unaofanywa kabla gurudumu halijagusa mahali laini. Ikiwa umeshaingia na umeanza kuzama, ondoa mguu kwenye mafuta mara gurudumu linapozunguka bure kwa mara ya kwanza. Wakati huo ekseli bado inaning'inia na matairi bado yamebeba gari, kwa hiyo upepo ukitolewa utasaidia. Kisha rudi nyuma polepole kwa alama zako mwenyewe. Sekunde chache za kulazimisha hugharimu jioni nzima.

2. Eneo la kukanyaga huongezeka kwa urefu

Hesabu yake ni rahisi na ningependa uishike kichwani. Chukua gari la kilo 2,500. Kila tairi linabeba kama kilo 625. Presha ya 36 psi ni sawa na kilo mbili na nusu kwa kila sentimita ya mraba, hivyo tairi linahitaji kama sentimita 250 za mraba ardhini ili libebe uzito huo. Ishushe presha hadi 18 na tairi litahitaji mara mbili ya eneo hilo. Ugumu wa ubavu wa tairi hupunguza tofauti kidogo, lakini njia ya hesabu haibadiliki. Gari ni lilelile, injini ni ileile, na ardhi imepunguziwa nusu ya shinikizo.

Kilichonishangaza ni umbo la eneo lenyewe. Niliwahi kumwaga majivu uwanjani, nikapitisha gari likiwa na upepo wa barabarani, kisha nikashusha presha na kupita tena pembeni. Nilitarajia alama ya pili iwe pana. Upana ulikuwa umeongezeka kidogo tu, na urefu ndio uliokuwa umeongezeka sana. Tairi laini hulala chini kwa urefu, meno mengi zaidi yakishika kwa wakati mmoja, na halihitaji kuupanda mchanga linaousukuma mbele yake. Wafugaji wa Isiolo wanaoshuka na ngamia upande wa Kinna wanajua jambo hili bila geji: mnyama mzito mwenye unyayo laini unaotandazika hupita mchangani mahali ambapo punda mwenye kwato ngumu anahangaika.

Elimu hii ina umri mrefu. Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyevuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, alikuwa akishusha presha ili apande vilima vya mchanga vilivyodhaniwa kuwa ukuta. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walitengeneza gari la DUKW, lililotembea majini na nchi kavu, ambalo dereva wake aliweza kupunguza na kuongeza upepo akiwa kitini ili kupanda fukwe. Hapa kwetu, madereva wa Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za uzio wa Aberdare, hupanga upepo kwa makini kabla ya kuingia mabonde ambayo hayana hata njia. Fedha za kazi hiyohiyo ndizo zilizosaidia uzio wa umeme ulioanza kuzungushwa Mlima Kenya mwaka 2012, ule unaouona mpakani mwa msitu juu ya mashamba ya chai. Kwa hiyo usimwonee haya anayekutazama ukichutama kando ya gari.

3. Mchangani, waulize wanaochota maji

Namba yangu ya mchanga ni 18 psi kwa gari la wastani, nikishuka hadi 15 mchanga ukiwa mkavu na wenye kina. Chini ya 12 sishuki kwa rimu za kawaida, kwa sababu mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kidogo tu.

Lakini namba ni nusu ya kazi. Siku moja katika laga iliyo chini ya Siakago nilikuwa nimeshachagua pa kuvukia: palionekana sawa, pana, pasipo na mawe. Mama mmoja alikuwa pale na punda wake, anachota maji kwenye kisima kilichochimbwa mchangani. Nikamsalimia, nikamuuliza kama hapo panapitika. Akaniuliza naye, "Unaona punda wangu amepita wapi?" Punda walikuwa wamepita juu zaidi, mahali penye changarawe ambapo mimi nilipaona pabaya. Pale nilipopachagua, alisema, ndipo maji yapo karibu, ndiyo maana watu huchimba hapo.

Alikuwa amenieleza jambo ambalo vitabu vya magari hulieleza kwa kurasa nyingi. Mchanga wenye unyevu kidogo hushikana na kubeba gari vizuri kuliko mchanga mkavu. Mchanga uliojaa maji hadi juu huyeyuka chini ya gurudumu. Macho ya mgeni hayatofautishi hayo mawili. Mtu anayechimba maji hapo kila kiangazi anayatofautisha.

Tangu hapo huwa nashuka, nasalimia, nauliza, natembea laga yote kwa miguu, ndipo natoa upepo. Ukishaingia, shika gia moja na mwendo mmoja, usikate kona kali, na usifunge breki. Liache gari lisimame lenyewe kwa kuondoa mafuta, ili mchanga usirundikane mbele ya magurudumu. Na kumbuka kwamba upande wetu wa mashariki wa mlima mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wa nyanda za chini wanazozitegemea zaidi. Laga kavu ya asubuhi inaweza kushuka maji jioni yaliyonyesha mbali nawe, na upepo wowote ulioutoa hautakusaidia.

4. Udongo mweusi unataka subira kwanza

Ukishuka kuelekea Makima na Hifadhi ya Mwea, ambako Mto Thiba unakutana na Tana karibu na bwawa la Kamburu, utakutana na udongo mweusi wa pamba. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua ikinyesha unavimba, unashika kila kinachougusa, na unajaza nafasi kati ya tairi na bodi hadi gurudumu haliwezi kuzunguka.

Hapa nilikuwa na imani kubwa mno na upepo. Kwa kuwa mchanga ulikubali 18, nilidhani udongo mweusi utakubali pia. Unakubali, kwa sharti: tairi laini huelea juu ya tabaka la juu mradi tabaka hilo halijavunjika. Gari la kwanza hupita. La pili hupita kwa shida. La tatu linaingia kwenye mitaro iliyoachwa na yale mawili na kukaa hapo, hata kama upepo wake umepimwa kwa uangalifu kuliko wote. Niliyaona hayo kwenye msafara wa magari ya afya, na waliokwama walishangaa kwa nini sisi wa mbele tulipita kana kwamba njia ni kavu.

Kwa hiyo ninashusha hadi kati ya 18 na 22, ninapita pembeni mwa alama za magari mengine bila kuharibu shamba la mtu, na sisimami mpaka nifike pagumu. Lakini silaha kubwa zaidi dhidi ya udongo mweusi ni kukaa chini ya mti. Jua la Mbeere likiwaka baada ya mvua ya usiku, sehemu iliyokuwa gundi saa mbili asubuhi inaweza kupitika mchana. Kijana mwenye haraka huona kusubiri ni kushindwa. Mimi nimefika mapema kwa kusubiri mara nyingi kuliko kwa kuanza mapema.

5. Utelezi mwekundu hautatuliwi na upepo peke yake

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa "toa upepo" hutolewa ovyo, na watu wanaumia.

Panda kutoka mji wa Embu kuelekea viwanda vya chai vya Mungania au Kathangariri siku ya mvua, au ingia njia za Kionyo na Kinoro upande wa Meru. Udongo ni mwekundu, chini ni mgumu, juu kuna utando mwembamba wa tope. Gari halizami hapo. Linateleza. Pembeni kuna mteremko wa chai unaoishia mtoni.

Niliwahi kusimama kwenye mteremko kama huo nikiwa nimeshusha presha hadi 18, nikijiona nimejiandaa vema. Gari likawa linasogea pembeni taratibu, magurudumu yakiwa yamesimama kabisa. Nyuma yangu likaja lori la majani mabichi, limebeba magunia hadi juu, na matairi yake yalikuwa yamejaa upepo. Lilikuwa limefungwa minyororo. Likapanda polepole, minyororo ikilia, likanipita, dereva akaninyooshea mkono.

Nilichojifunza pale ni kuuliza swali sahihi. Mchangani ardhi ni dhaifu na unataka kuelea. Kwenye utelezi mwekundu ardhi ni imara, iko sentimita chache chini, na unachotaka ni kuifikia: meno marefu ya tairi, au mnyororo, unaokata utando na kushika chini. Ukilainisha tairi mno, linatandazika juu ya tope na kuteleza nalo. Mimi hupunguza kidogo tu, hadi 26 hivi, ili meno yajipinde na kutema tope yanapozunguka, na zaidi ya hapo nategemea minyororo. Tairi kipara halina tiba ya upepo. Usipande nalo.

Wazee wa Runyenjes na Chuka waliokulia kando ya barabara ya zamani ya Embu hadi Meru, kabla ya lami, wanakumbuka magari ya Safari Rally yakipambana na tope hilihili huku vijana wa vijiji wakiyasukuma. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano hayo. Wale walikuwa madereva wa hali ya juu duniani. Huna sababu ya kujiona mnyonge ukigeuza gari kwenye tope la Mlima Kenya na kurudi kesho.

6. Mzigo una namba yake

Hili nilifundishwa Maua, na kijana wa miraa. Alikuwa anapakia pikapu usiku, magunia yamefunikwa majani ya ndizi yasinyauke, na kabla ya kuondoka alijaza matairi ya nyuma kwa kiasi ambacho kwangu kilionekana kingi mno. Akaniambia, "Mzee, mbele nimebeba mimi peke yangu. Nyuma nimebeba kijiji."

Watu husoma kwamba mchanga ni 18, wakashusha 18 pande zote huku nyuma kuna mapipa ya maji, hema na abiria watatu. Tairi la nyuma linalala mpaka rimu inakaribia ardhi. Angalia tairi lenyewe zaidi ya kuiangalia geji. Ubavu ukivimba kiasi cha kuonekana wazi umefika, ukikunjika, umepita. Gari likiwa na mzigo, mimi huacha nyuma psi nne hadi sita juu ya mbele.

7. Tairi laini hutoa ubavu wake nje

Njia za kuzunguka mlima wa Kiang'ombe zina mawe yenye ncha na migunga yenye miiba mirefu. Meno ya tairi yana mpira mnene unaostahimili mwiba. Ubavu ni mwembamba, na ndio unaovimba nje upepo ukipungua. Niliwahi kuona tairi jipya kabisa likichanwa ubavuni na jiwe ambalo likiwa limejaa lingelipita pembeni bila kuligusa. Fundi wa pancha Siakago alilitazama mara moja tu na kutikisa kichwa: shimo la katikati anaziba, ubavu haugusi.

Hata hivyo juu ya mawe tairi laini lina faida, kwa kuwa linajikunja kulifuata jiwe badala ya kuruka juu yake, na abiria wako watafika na migongo yao mizima. Kwa mawe nakaa kati ya 22 na 25, mwendo wa mtu anayetembea, nikikanyaga jiwe kwa katikati ya tairi wala silibani kwa ubavu. Kumbuka pia kwamba ukitoa upepo gari zima linashuka sentimita mbili tatu. Jiwe ulilolipita jana linaweza kugonga difu leo.

8. Mlimani, geji husoma baridi na urefu

Siku moja nilitoka nyanda za chini za mbuga ya Meru joto likiwa kali, nikazunguka hadi mji wa Chogoria, nikapanda msitu wa mianzi hadi lango la mlima, karibu mita 2,950 juu ya bahari. Nilikuwa nimesikia kwamba hewa ya nje ikipungua, geji husoma zaidi, na hiyo ni kweli: kati ya chini ya mita 1,000 na lango lile, tofauti hufikia psi tatu na zaidi. Nilitarajia matairi yawe magumu. Nikapima, namba ilikuwa karibu ileile ya asubuhi. Nilidhani geji imeharibika.

Ilikuwa nzima. Urefu ulikuwa umeongeza na baridi imepunguza. Kila nyuzi kumi za joto zinazopotea huondoa kama psi moja na nusu katika tairi la barabarani, na kutoka joto la mbuga hadi baridi ya lango la Chogoria kuna zaidi ya nyuzi ishirini. Viwili hivyo hukaribia kufutana.

Hatari iko kwingine. Ukifika langoni jioni, matairi yakiwa na joto la safari, ukashusha hadi 18 ili kesho uende Ziwa Ellis, ukalala kwenye vibanda vya pale, asubuhi kuna umande ulioganda kwenye kioo na geji inasoma 15 au pungufu. Ukikata kona kali kwenye jiwe hapo, mdomo wa tairi utachomoka. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, ndipo uamue.

Na upande huo wa mlima nina ombi. Gurudumu lenye upepo mwingi linalozunguka bure huchimba mtaro, mvua inaufuata mtaro, na baada ya msimu mmoja njia imekuwa korongo na magari yanaanza kukata nyingine kando, ndani ya mianzi. Gari lililolegezwa matairi na kwenda polepole huacha alama ambayo mvua inaifuta. Nimeiona njia ya Chogoria ikipanuka kwa sababu ya watu wenye magari yenye nguvu na haraka nyingi. Msitu ule ndio unaolisha mito ya Thuci, Ruguti, Mutonga na Nithi, na maji ya mito hiyo hushuka hadi Mto Tana.

9. Kilichotolewa kirudishwe kabla ya lami

Hili moja nilikosea, na ningependa kosa hilo liishie kwangu. Nilitoka mchangani jioni nikafika lami ya Kiritiri na psi 18 katika matairi yote. Sikuwa na pampu. Nilijiambia Embu si mbali, nikaongeza mwendo. Gari lilikuwa limetulia, halikutikisika, na hicho ndicho kilichonidanganya. Nikasikia harufu ya mpira, kisha tairi la nyuma la kushoto likapasuka ubavu kwenye kona. Ukingo wa barabara ulikuwa mpana, na hilo ndilo lililotuokoa. Fundi alipolifungua tairi lile alimwaga chini unga mweusi: ubavu ulikuwa umejisaga kutoka ndani.

Sababu ni joto. Kila mzunguko, ubavu uliolegea hujikunja na kujikunjua, na kila mkunjo huzaa joto. Polepole joto hilo hutoka. Kwa mwendo wa lami hujilimbikiza mpaka mpira unaachana na nyuzi zake. Kwa 18 psi sivuki kilomita 40 kwa saa. Kwa 26 hadi 28, presha ninayotumia kwenye changarawe yenye matuta madogomadogo, sivuki 60. Lami inataka presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa mzigo uliobeba. Na unapokuwa njiani, simama baada ya muda uguse ubavu wa kila tairi kwa kiganja. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, punguza mwendo au ongeza upepo.

Nunua kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri kabla hujanunua taa za paa. Iendeshe injini ikiwa inanguruma, ipumzishe baada ya matairi mawili, na weka pampu ya mguu chini ya kiti kwa siku itakapokataa kufanya kazi. Beba geji mbili, maana moja itaanguka mchangani, na kisindano cha akiba cha valvu. Ukifika kwa fundi wa pancha Kiritiri au Ishiara, mwombe upepo, ukipenda kupima mwenyewe pima mbele yake kwa heshima.

Tairi la akiba liache limejaa hadi 40. Kulishusha ni kazi ya dakika chache popote utakapokuwa, kulijaza porini usiku ni habari nyingine. Na siku utakapolivaa, lilinganishe presha na mwenzake wa ekseli ileile kabla hujafunga difu.